Miguu Peku Gujarat: Juma la Navaratri Miongoni mwa Wahindu

Ijumaa, Ahmedabad

Mtu akitaka kuujua Uhindu kwa kuanza na vitabu atachoka mapema, kwa sababu dini hii haina mwanzilishi mmoja, haina msahafu mmoja unaokubaliwa na wote kuwa ndio wa mwisho, wala haina shahada ambayo mtu akishaitamka anahesabiwa kuwa ameingia. Kwa hiyo nilifika Ahmedabad, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, nikiwa nimekusudia kutazama kwanza watu wanafanya nini, wakati gani na kwa utaratibu gani, kisha ndipo niulize maana yake. Gujarat yenyewe niliichagua kwa sababu iliyo karibu na nyumbani. Wahindu wengi waliofungua maduka Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala asili yao ni huku, katika Kachchh na rasi ya Kathiawar, na ndio hao ambao watu wa pwani waliwaita Mabaniani na kuwatungia methali ya kiatu na dawa, methali ambayo sikuthubutu kuitaja mbele ya mwenyeji wangu.

Mwenyeji huyo ni mzee aliyezaliwa Mombasa na kuhamia huku akiwa kijana, na Kiswahili chake hakijachuja. Nilipomwamkia shikamoo alicheka kwa furaha ya mtu aliyekumbushwa kitu. “Marahaba, mwanangu,” akasema. “Vua viatu, oga, ule. Usiku tunakwenda kwa Mama.”

Mama aliyemkusudia ni Amba, mungu wa kike ambaye kwingine huitwa Durga, naye ndiye anayesherehekewa katika Navaratri, yaani usiku tisa wa mwezi wa Ashvin, ambao kwa kawaida huangukia Septemba au Oktoba. Masimulizi yanasema kwamba jini Mahishasura, mwenye umbo la nyati, alikuwa amepewa ahadi kwamba hatauawa na mwanamume yeyote, akawafukuza miungu mbinguni, hadi Durga alipopigana naye na kumshinda. Gujarat huukumbuka ushindi huo kwa kucheza. Katikati ya uwanja uliwekwa chungu cha udongo kilichotobolewa matundu pande zote, ndani yake mna taa ya samli, na kukizunguka watu mamia, wanawake wakiwa wamevaa sketi pana zilizodariziwa vioo vidogo, walikwenda kwa mduara wakipiga makofi, wakiinama, wakigeuka na kusonga tena, wote miguu peku. Mzee alinieleza kwamba chungu ni mwili na taa ni uhai uliomo ndani yake. Watoto waliokuwa wakigongana magoti ukingoni hawakuonekana kuhitaji maelezo hayo.

Nilimwuliza swali ambalo kila mgeni huuliza, kwamba Wahindu wana miungu mingapi. Alijibu kwamba Mungu ni mmoja na majina ni mengi, jibu ambalo Wahindu wengi waliosoma hulitoa, na lenye mizizi mirefu: Upanishadi, maandiko yanayohitimisha Veda, vitabu vitakatifu vya kale, hufundisha juu ya Brahman, ukweli mmoja usio na umbo ulio nyuma ya vitu vyote. Lakini isidhaniwe kwamba jambo hilo limekwisha kukatwa. Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8, alishikilia kwamba roho ya mtu na Brahman ni kitu kimoja, na kwamba utengano tunaouona ni udanganyifu. Madhva, aliyekuja karne kadhaa baadaye, akasema Mungu na roho ni viwili na vitabaki viwili milele. Wote wawili ni walimu wakubwa wa Uhindu, na hakuna aliyemtoa mwenzake katika dini.

Jumamosi, Ahmedabad

Ibada kubwa ya Mhindu hufanyika nyumbani, na hekaluni huenda mtu akipata nafasi. Asubuhi, baada ya kuoga na kabla ya kutia chochote kinywani, mke wa mzee, ambaye nilimwita Mama kama wanavyomwita wote nyumbani, aliingia katika kijichumba kilicho kando ya jiko, ambamo mna kabati dogo la mbao lenye sanamu na picha. Akamtoa Krishna mchanga, yaani mungu Krishna akiwa mtoto, sanamu ya shaba isiyozidi urefu wa kiganja, inayotambaa kwa magoti na mkono mmoja umeshika donge la siagi. Akamwogesha kwa maji na maziwa, akamfuta, akamvalisha kanzu mpya ya hariri yenye ukubwa wa kitambaa cha kufutia miwani, akampaka nukta ya sandali kwenye paji la uso, akamwekea kibakuli cha chakula. Kisha akasokota pamba kuwa utambi, akautia samli, akauwasha na kuizungusha taa mbele ya sanamu huku akitikisa kengele kwa mkono wa kushoto. Tulipitisha viganja juu ya mwali na kujigusa uso. Chakula kilichokuwa mbele ya sanamu kiligawiwa kwetu, nacho sasa kinaitwa prasad, chakula kilichopokelewa na Mungu na kurudishwa kwa watu.

Mimi nimelelewa katika dini isiyokubali sanamu, na sikuona sababu ya kujifanya kwamba mandhari hiyo haikunishangaza. Nilimwuliza Mama kama sanamu ndiyo Mungu. Alisema shaba ni shaba, lakini kuhani alipoiwekea pumzi kwa dua, Mungu alikubali kukaa humo kwa ajili yao, nao wanamtunza kama mgeni anavyotunzwa. Mtu anaweza kulikataa jibu hilo, lakini hawezi kusema kwamba mwanamke huyu hajui anachokifanya.

Mama alikuwa amefunga. Mfungo wa Navaratri si wa kujizuia na maji wala chakula kutwa nzima: hali nafaka, hatumii chumvi ya kawaida bali ya mwambani, na hushinda kwa matunda, maziwa na viazi. Mkaza mwana wake hufunga siku ya kwanza na ya mwisho tu kwa kuwa anafanya kazi benki, na hakuna aliyemlaumu. Nje ya mfungo, nyumba hii haipiki nyama, samaki wala mayai. Sababu ni ahimsa, kutodhuru kiumbe, fundisho lililokolea Gujarat kuliko majimbo mengi kwa sababu Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, ambao hulishika kwa ukali zaidi, wameishi humu kwa karne nyingi. Wapo Wahindu wengi wa sehemu nyingine za India wanaokula samaki na mbuzi bila kusita. Ng’ombe ndiye anayeepukwa na walio wengi.

Adhuhuri mzee alinionyesha picha za harusi ya mwanawe. Maisha ya Mhindu yamepangiwa taratibu, ambazo vitabu vingi huhesabu kuwa 16, kuanzia kabla ya kuzaliwa hadi kuchomwa kwa maiti, zikiwamo kumpa mtoto jina, kumlisha nafaka ya kwanza, kumnyoa, na kwa baadhi ya matabaka, kumvika mvulana uzi mtakatifu begani. Ndoa ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Shahidi wake ni moto. Kwa desturi ya Gujarat bwana na bibi harusi huuzunguka mara nne, na wengi huzihesabu duru hizo kwa malengo manne ya maisha: dharma, yaani wajibu na mwenendo ulio sawa; artha, yaani mali; kama, yaani mapenzi na starehe; na moksha, yaani ukombozi. Kisha hutembea hatua saba pamoja. Nilipenda kuona kwamba mali na mapenzi vimepewa nafasi yake waziwazi badala ya kuingizwa kwa mlango wa nyuma.

Jumapili, Dwarka

Treni ya usiku ilitufikisha Dwarka, kwenye ncha ya magharibi ya rasi, mahali ambapo kijito cha Gomti kinaingia katika Bahari ya Arabu. Mji huu ni mmoja wa makao manne yanayoitwa Char Dham, pamoja na Badrinath kaskazini, Puri mashariki na Rameswaram kusini, na Mhindu mcha Mungu hutamani kuyafikia yote kabla ya kufa. Hapa Krishna alitawala. Krishna ni mshuko wa Vishnu, mlinzi wa ulimwengu, ambaye kwa imani yao hushuka duniani kila uovu unapozidi, naye Rama wa Ayodhya ni mshuko mwingine. Vishnu hutajwa pamoja na Brahma muumbaji na Shiva mwangamizaji, ingawa mahekalu ya Brahma ni machache mno, na kwa kweli Wahindu walio wengi humwelekea ama Vishnu na mishuko yake, ama Shiva, ama Mungu Mama.

Simu huachwa nje, viatu pia. Nilisimama katika mstari uliosonga kwa kusukumwa zaidi ya kutembea, hadi pazia lilipofunguliwa na umati ukapaza sauti kwa pamoja. Sanamu ya jiwe jeusi, imevishwa na kutiwa mashada, ilionekana kwa muda wa pumzi chache. Hicho ndicho watu walichokijia: darshan, kumwona Mungu na kuonwa naye. Hapakuwa na hotuba, wala hakuna aliyetuambia tukae. Aliyekwisha kuona alitoka, akalizunguka hekalu akiwa ameliweka upande wake wa kulia, akaenda zake. Baada ya saa saba mchana milango hufungwa hadi jioni, kwa kuwa Krishna amekula na amelala.

Jambo lililonikalia zaidi ni bendera. Juu ya kilele hupepea kitambaa cha yadi 52, chenye jua na mwezi, nacho hubadilishwa mara kadhaa kwa siku. Kila bendera hutolewa na familia iliyoweka nafasi mapema. Niliiona familia moja ikija kwa ngoma na nyimbo, bibi kizee mbele amejitwika kitambaa kilichokunjwa ndani ya kapu, wajukuu nyuma wakicheza barabarani na pikipiki zikiwasubiri. Mtu wa ukoo wenye haki ya kazi hiyo aliikwea paa ya mnara, akaishusha ya zamani na kuifunga mpya, na umati wote chini ukainua mikono. Bibi hakutazama kitu kingine mpaka kitambaa kiliposhika upepo.

Mzee, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi zinazoteremka Gomti, alinieleza Bhagavad Gita kwa namna yake. Kitabu hicho chenye beti 700 ni sehemu ya utenzi mkubwa wa Mahabharata, na ndani yake Krishna, akiwa mwendesha gari la vita, anazungumza na Arjuna, askari aliyevunjika moyo kwa kuwaona ndugu zake upande wa adui. Krishna anamwambia atimize wajibu wake bila kung’ang’ania matunda ya kazi yake. “Duka nilifungua kila siku saa mbili,” mzee akasema. “Wateja kuja au kutokuja, hiyo si kazi yangu.” Nilimkumbusha kwamba kitabu kinazungumzia vita. Akasema anajua, na kwamba watu wamebishana juu ya hilo tangu zamani.

Jumatatu, Dwarka

Tulivuka kwenda kisiwa cha Bet Dwarka kwa daraja la Sudarshan Setu, lililofunguliwa Februari 2024. Kabla ya hapo ilikuwa boti kutoka Okha. Mchana joto lilikuwa kali, nikaandika machache. Nje ya mji lipo hekalu la Rukmini, mke wa Krishna, lililotengwa na la mumewe, na sababu yake ni hadithi ya maji: Rukmini alipokuwa akimvuta mtawa Durvasa kwa gari, alishikwa na kiu, akanywa bila kumkaribisha mgeni kwanza, akalaaniwa kuishi mbali na mumewe. Hadi leo wageni wa hekalu hilo huombwa watoe sadaka ya maji. Ugomvi huo wa adabu kwa mgeni ungeeleweka mara moja katika kibaraza chochote cha Lamu.

Jumanne, Porbandar

Porbandar ni mji wa bahari, wa mawe meupe na harufu ya samaki, na hapa nilipata somo lililokuwa likinitatiza. Lipo hekalu la Sudama, rafiki wa utotoni wa Krishna, maskini aliyekwenda kumtembelea mfalme akiwa na zawadi ya pepeta iliyofungwa kwenye kitambaa, na Krishna akaila kwa furaha; hadi leo pepeta ndiyo prasad ya hapo. Katika ua wa hekalu zimechorwa njia nyembamba zinazojikunja na kurudiana, kwa vikuta vidogo visivyofika gotini. Kuzipita ni kupita aina laki 84, yaani 8,400,000, za viumbe ambazo kwa mapokeo ya Kihindu roho huweza kuzaliwa ndani yake kabla ya kukombolewa.

Nilipita. Unakaribia kutoka, njia inakurudisha katikati. Unadhani umepotea, kumbe umesogea. Wanafunzi wa shule walinipita mbio wakicheka. Mtunzaji wa hekalu, bila kuulizwa, aliniambia kwamba kila tendo, jema au baya, huacha mbegu, na mbegu hiyo ndiyo karma, nayo huamua mtu atazaliwa wapi na katika hali gani. Hakuna hakimu wa kubembelezwa. Kutoka katika mzunguko huo ndiko moksha, na njia zake zinatajwa kuwa kadhaa: elimu ya kuujua ukweli, kazi isiyo na ubinafsi, na ibada ya mapenzi, bhakti, ambayo ndiyo inayofuatwa na watu wa kawaida.

Lakini fundisho hilo lina upande wake mchungu, na Porbandar si mahali pa kuukwepa, kwa kuwa Gandhi alizaliwa hapa tarehe 2 Oktoba 1869. Ikiwa kila mtu amezaliwa alipostahili, basi aliye chini ameambiwa kwamba amejitakia. Maandiko hutaja matabaka manne, makuhani, watawala, wafanyabiashara na watumishi, nayo maisha yenyewe yaligawanyika katika makundi mengi mno ya kuzaliwa, na chini ya yote wakawekwa watu waliokatazwa visima, mahekalu na hata kuguswa. Gandhi mwenyewe, wa tabaka la Mabaniani, alipotaka kwenda London kusoma mwaka 1888, wazee wa tabaka lake walimtenga kwa sababu ya kuvuka bahari, wakaweka faini kwa yeyote atakayemsindikiza. Mtu akikumbuka hayo huutazama kwa jicho jingine ujasiri wa wafanyabiashara waliopanda majahazi kwenda Zanzibar. Katiba ya India ya mwaka 1950 ilipiga marufuku kuwatenga watu kwa unajisi. Mazoea hayakufa siku hiyo. Mzee, aliyekuwa na maneno kwa kila jambo, hapa alisema tu kwamba mwanawe alioa nje ya tabaka na kwamba miaka miwili nyumba haikuwa na amani.

Kando ya nyumba aliyozaliwa Gandhi pamejengwa Kirti Mandir, jengo la futi 79, kwa kuwa alikufa akiwa katika mwaka wake wa 79, na gharama zake zilibebwa na Nanji Kalidas Mehta, mwana wa eneo hili aliyepata utajiri wake katika pamba na sukari ya Uganda. Miwa ya Lugazi, kwa hiyo, imo katika jiwe hilo.

Jumatano, Somnath

Hapa ni pa Shiva. Somnath ni la kwanza katika orodha ya jyotirlinga 12, mahali ambapo Shiva alijidhihirisha kama nguzo ya nuru, na anachoabudiwa kwacho si sanamu yenye uso bali linga, jiwe la mviringo lililosimama, linalomiminiwa maji na maziwa na kuwekewa majani ya mti wa bilva. Wafuasi wake hujipaka majivu kwa mistari mitatu ya mlalo kwenye paji, ilhali wafuasi wa Vishnu huchora mistari ya wima. Linga haizungukwi duara kamili: mtu hufika kwenye mfereji wa maji yake, akarudi alikotoka.

Asiye Mhindu hutakiwa kuomba ruhusa ofisini, kanuni iliyotangazwa mwaka 2015. Niliomba, nikapewa baada ya kuulizwa natoka wapi na nataka nini. Chanzo cha tahadhari hiyo kinaeleweka kwa sehemu. Mahmud wa Ghazni, sultani Mwislamu kutoka Afghanistan ya leo, alilivamia hekalu hili mwanzoni mwa 1026, na baada yake lilivunjwa na kujengwa tena zaidi ya mara moja. La sasa ni jipya: lilijengwa baada ya uhuru kwa msukumo wa Sardar Patel, naibu waziri mkuu wa kwanza wa India, na Rais Rajendra Prasad alihudhuria kuwekwa wakfu kwake Mei 1951, ingawa waziri mkuu Nehru hakupendezwa na rais wa nchi isiyo na dini ya serikali kushiriki. Jiwe hili, basi, limebeba siasa pamoja na ibada, na sikuona faida ya kulitazama kwa jicho moja tu.

Hadithi ya mahali hapa ni nyepesi zaidi. Soma, mwezi, alioa mabinti 27 wa Daksha akampenda mmoja tu, Rohini. Baba mkwe akamlaani anyauke. Soma akaja hapa ufukweni kumwomba Shiva, akapunguziwa laana: atanyauka nusu ya mwezi na kunenepa nusu nyingine. Siku za Mhindu zinafuata mwezi huo. Siku ya 11 ya kila nusu, ekadashi, wacha Mungu wengi hufunga. Mwezi mpevu na usiku wa giza zina ibada zake. Na kila baada ya miaka miwili au mitatu huongezwa mwezi mmoja ili kalenda isikimbie majira ya mwaka, tofauti na mwaka wa Kiislamu, usioongezewa, ambao huyazunguka majira yote.

Alhamisi, Junagadh

Chini ya mlima Girnar, ambao mahujaji huukwea kwa ngazi zipatazo 10,000, lipo bwawa la Damodar Kund, na asubuhi palikuwa na familia iliyoleta majivu. Mwana mkubwa, kichwa kimenyolewa, aliyashika katika kijichungu kilichofungwa kitambaa chekundu. Kuhani akasoma, mwana akarudia, akamimina. Maiti ya Mhindu huchomwa upesi, kwa kawaida siku hiyo hiyo au inayofuata, na mwana ndiye anayewasha moto; watoto wachanga na watawa wengi huzikwa. Nyumba ya msiba hukaa katika unajisi wa kiibada, jiko hupunguzwa, na kufikia siku ya 13 taratibu zinakamilika na majirani hulishwa. Mzee aliniambia kwamba ya baba yake yalimwagwa baharini Mombasa, kwa kuwa maji yote huishia Ganga, mto mtakatifu wa Wahindu, au Ganga huishia katika maji yote. Hakuwa na hakika ni lipi kati ya hayo mawili.

Leo ni Dussehra, siku ya kumi, ya ushindi. Stendi ya mabasi yote ilikuwa imepambwa. Dereva wetu alikuwa ameuosha usukani, akatia poda nyekundu kwenye kioo, akatundika shada la maua ya rangi ya chungwa mbele ya injini na kuvunja nazi chini ya tairi. Leo kila mtu huheshimu chombo cha kazi yake. Watu walikuwa mistari mirefu wakinunua fafda, vipande vyembamba vya unga wa dengu vilivyokaangwa, na jalebi zinazodondosha shira.

Pembeni yangu alikaa mwalimu wa shule ambaye hakuwa na shada wala nukta kwenye paji. Alinieleza kwamba familia yao huiadhimisha siku hii kwa jambo jingine. Ambedkar, mwanasheria aliyeongoza kamati ya kuandika rasimu ya katiba na aliyezaliwa miongoni mwa waliokatazwa kuguswa, aliuacha Uhindu na kuingia Ubuddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi huko Nagpur, tarehe 14 Oktoba 1956, nayo ilikuwa Dussehra. Babu yake aliufuata mwito huo. Nilimwuliza kama majirani humwalika kucheza usiku wa Navaratri. Alisema humwalika kila mwaka, na yeye huenda. Mke wake haendi.